Kiti cha Nyuma

Kiti kilikuwa juu ya meza yangu kimevuliwa kava, nami nimeshika kisu na sikati. Nje ya karakana daktari wa meno alikuwa anaongea na simu huku akiizunguka pikipiki yake, iliyobaki chuma kitupu katikati. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa ameniambia neno jepesi kabisa, neno ninaloambiwa hata mara mbili kwa wiki.

"Fundi, hiyo sehemu ya nyuma ikate yote. Mimi sipakii mtu. Nataka nifunge sanduku la mizigo."

"Yote?"

"Yote. Inakaa bure tu."

Nikamwambia sawa, hakuna shida. Akatoka nje na simu yake, na mimi nikabaki na kisu changu.

Nashona viti vya pikipiki, mwaka wa ishirini na mbili huu. Watu hudhani kazi yangu ni kava na pini. Kava ni nguo ya kutokea. Kazi yenyewe iko kwenye sponji. Ukilibandua kava, sponji inakusimulia mwenye kiti. Huyu ana mikono mifupi, anajivuta mbele. Huyu anaweka pochi nene mfuko wa nyuma, nyonga yake imepanda upande mmoja. Huyu anampakia mke wake, na huyu anampakia mtu anayekaa karibu kuliko mke. Na huwa nasema. Mteja apende asipende, namwambia nilichokiona. Yupo aliyenuna akaenda kwa fundi mwingine, yupo aliyeniita mchawi, na yupo mzee mmoja aliyekwenda kupimwa mgongo kwa sababu yangu, akaniletea kuku. Haya yote yalianza baadaye. Kuna siku moja niliona na sikusema, na siku hiyo ndiyo inayonikalisha hapa na kisu mkononi.

Maana kiti hiki cha daktari nilikishona mwenyewe, miaka sita iliyopita, kabla yeye hajaijua hata rangi ya pikipiki hii. Mbele kilikuwa kimebonyea vizuri, sawasawa kulia na kushoto, kiti cha mtu mzima wa afya anayekwenda mbali. Nyuma sponji ilikuwa vilevile nilivyoikata. Hakuna aliyekaa pale. Au tuseme alikaa mtu mmoja, siku moja, kwa dakika ishirini, na dakika ishirini sponji haizikumbuki.

Mtu huyo alikuwa kaka yangu.

Kaka alikuwa fundi wa mizani. Maduka ya nafaka, mabucha, zahanati, posta, kote walimjua, na kote walimwita Ratili, kama kile kipimo cha zamani cha uzito. Mke wake alimwita Ratili, nami dada yake wa tumbo moja nilimwita Ratili nikitaka kumchokoza. Alikuwa mtu wa kupima kila kitu. Ukimpa mkate aliupakata kidogo kwenye kiganja kabla ya kuukata, akakwambia umepunjwa gramu hamsini. Sisi tuliomzoea tulicheka. Wauza mikate hawakucheka.

Marehemu baba yetu alikuwa dereva wa greda. Ujana wake wote ulikwisha kwenye barabara ile ndefu inayopanda milima na kushuka upande wa pili hadi mto mkubwa, kilomita elfu moja na mia moja kutoka mlangoni kwetu. Siku walipomwaga zege la daraja la mwisho, msimamizi alipogeuka kuwasha sigara, baba alikandamiza kiganja chake kwenye ukingo, upande wa kulia, chini kidogo, mahali ambapo mtu anayepita na gari hapaoni. Tulilelewa na hadithi hiyo. "Kiganja changu kipo kule," alikuwa akisema na kutuonyesha mkono wake, kana kwamba ule wa kule ndio halisi na huu ni wa akiba. "Mtakuja kukipima na vyenu." Lakini pikipiki yake ilikuwa ndogo, isingepanda mlima na watoto wawili, kwa hiyo kila mwaka safari ilikuwa ya mwakani. Kisha akafa, tukairithi sisi hiyo mwakani yake.

Mimi na kaka tulikubaliana: pikipiki moja, watu wawili, tupokezane usukani. Isiwe ndogo ya mjini, itatufia mlimani na mizigo. Isiwe moja ya yale madude makubwa ambayo yakilala porini mnangoja kijiji kizima kije kuyainua. Iwe ya kati. Miaka tisa tulikaa kwenye hiyo ya kati. Jumapili baada ya chakula alikuja kwangu na karatasi zake: tangi linabeba lita ngapi, kiti kiko juu sentimita ngapi, matairi, taa, kila kitu. Wifi yangu, mke wake, alikuwa akisema, "Nyinyi wawili mtazeeka mkiposa, harusi hamtafunga." Tukacheka. Raha yenyewe ilikuwa kuposa, nadhani. Mtu akiwa na kitu cha kusubiri hujiona ana miaka mingi mbele.

Kisha mwaka ule kaka akaanza kuwa na haraka, na haraka haikuwa desturi yake hata kidogo.

Alianza kwa kuniletea kiti cha pikipiki yake ya kazini, ile ndogo anayozungukia wateja. Alikuja amekikumbatia kifuani.

"Kibandue, ukitazame," akasema.

"Kina nini? Kava bado zima."

"Wewe kitazame tu. Si ndiye bingwa wa kusoma viti?"

Akakiacha mezani akaenda zake. Nikakibandua jioni ile. Upande wa kulia sponji ilikuwa imebonyea vidole viwili. Kushoto imesimama kama mpya. Kiti hicho nilikikata mimi, miaka mitatu nyuma, kwa kisu hiki hiki. Nikajiambia, haya mwanamke, umeumbuka: ulikata kombo. Kaka yako, mtu anayezijua gramu hamsini za mkate, umemkalisha kombo miaka mitatu, na muda wote huo amenyamaza kwa kukustahi. Sasa amekuletea ujionee mwenyewe.

Aibu ya fundi haina dawa. Ningekuwa nimekiona kiti hicho kwa mteja mwingine yeyote, ningejua mara moja: huyu mtu anaukwepa mguu wake wa kushoto, kila akisimama anautua wa kulia, ana kitu. Hata mwanafunzi angelijua. Lakini kilikuwa kiti changu, na kila nilipokitazama niliona mkono wangu tu. Nikaipunguza sponji ya kushoto hadi ikalingana na ya kulia, nikapitisha msasa, nikavika kava jipya, nikapiga pini. Hata paka hafukii hivyo.

Kesho yake alikuja kukichukua.

"Umeona nini?"

"Sijaona kitu. Sponji imechoka tu."

"Imechoka."

"Kila kitu kinachoka, kaka."

Alikuwa ameweka kiganja juu ya kava jipya. Alisubiri. Nakumbuka kwamba alisubiri, maana mimi niliinama nikajifanya natafuta uzi chini ya meza, nikatafuta kwa muda mrefu kuliko uzi wowote unavyostahili. Nilipoinuka alikuwa ameshakibeba kiti chake.

"Haya," akasema. "Asante, mdogo wangu."

Wiki tano baadaye tulikuwa dukani. Lilikuwa duka kubwa la vioo, pikipiki zimepangwa kwa mistari, zote zimeinamia kushoto juu ya stendi zao. Muuzaji alikuwa mtu wa makamo mwenye tai fupi iliyoishia juu ya kitovu. Alimwita kaka bosi. Mimi hakuniita kitu.

"Bosi ataendesha, mama atakaa nyuma, siyo?"

"Mama ana leseni yenye umri mkubwa kuliko tai yako," nikamjibu.

Mbele yetu zilibaki mbili baada ya miaka tisa ya kuchuja. Ya kwanza ilikuwa na injini ya mia mbili na hamsini, nyembamba, kiti chake kimekaa chini, haina makuu. Ya pili ilikuwa ya mia tano, ya kijivu, kioo kirefu mbele cha kukinga upepo, tangi pana, kiti juu kama cha hakimu. Nilipoikalia visigino vyangu vyote viwili viligusa sakafu. Mimi ni mrefu, nimechukua miguu ya baba. Nilishika usukani wake, nikatazama mbele kupitia kile kioo, na naapa niliuona mto. Kaka angeniambia wakati ule nichague kati ya hiyo na yeye, ningemwomba anipe dakika tano.

Yeye hakukaa juu ya yoyote. Alifungua begi lake akatoa mizani bapa, ile ya kukanyaga, akailaza sakafuni kando ya ile ndogo.

"Bosi, uzito umeandikwa kwenye karatasi," muuzaji akasema.

"Umeandikwa bila mafuta, bila mafuta ya injini, na bila ukweli," kaka akajibu.

Akakanyaga mizani kwa mguu wa kushoto, akashika usukani, akaiinua pikipiki kutoka kwenye stendi hadi ikasimama wima. Akainama akasoma mshale. Akairudisha taratibu. Kisha akaihamishia mizani kwenye ile kubwa, akafanya vilevile. Ile kubwa ilipanda hadi nusu, ikatetemeka, ikarudi chini kwa kishindo. Akajaribu tena. Ikarudi tena. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

Na mimi nikacheka. Nikacheka kwa sauti, mbele ya muuzaji na wateja wawili waliokuwa wanapitapita.

"Ratili wewe! Mawe ya kilo ishirini unayabeba kutwa, leo chuma hiki kimekushinda? Huo uzee au woga?"

Muuzaji akacheka. Wale wateja wakacheka. Kaka naye akacheka, amechelewa kidogo, kama mtu anayecheka mzaha wa lugha asiyoijua vizuri.

"Tuchukue hii ndogo," akasema.

"Ndogo! Mlima ule, watu wawili na mizigo? Itakohoa hadi tuihurumie."

"Itapanda polepole. Ipo hapa, ipo tayari. Tunaondoka mwezi huu."

"Na kubwa?"

Muuzaji akaingilia. "Hiyo ni ya maonyesho. Ya kwenu naagiza. Miezi mitatu hivi."

"Miezi mitatu ni mingi," kaka akasema.

"Mingi kwa nani? Tumengoja miaka tisa. Daraja halina miguu, kaka, halitakimbia."

Alitoa leso akaifuta mizani yake, ingawa haikuwa na vumbi. Akaifuta juu, akaifuta pembeni, akaitia kwenye begi, akafunga zipu.

"Chagua wewe, mdogo wangu," akasema. "Wewe ndiye mwenye miguu."

Nilidhani ananisifu kwa urefu. Nikasaini karatasi.

Miezi ile mitatu nilikuwa mtu mwenye furaha kupita kiasi, niseme ukweli hata kama unaniuma. Nilikuwa na mradi. Nilichora kiti cha safari ndefu, kikubwa, chenye sehemu mbili, sponji ngumu chini na laini juu. Nilimwona kaka kila Jumapili na sikumwona. Aliacha kutengeneza mizani kubwa za maghala, akabaki na zile ndogo za maduka ya dawa. Akasema zina amani zaidi. Nikakubali. Akaja na fimbo. Akasema ameteguka kwenye ngazi. Nikamwambia anywe maji mengi. Siku moja alitaka kuinuka kwenye kochi langu, akakaa tena, akasema, "Kochi lako zuri, halitaki niende." Nikacheka, maana lilikuwa kochi nililolishona mimi.

Miezi mitatu ikawa minne. Muuzaji aliponipigia simu, sikumwambia mtu. Nilienda peke yangu, nikaitoa dukani, nikaipeleka moja kwa moja kwa kaka, napiga honi tangu mwanzo wa mtaa kama mwendawazimu.

Aliyetoka ni wifi. Mimi na yeye hatukuwa maadui wala marafiki, tulikuwa mawifi. Alisimama mlangoni na kitambaa cha jikoni begani, akaitazama pikipiki kwanza, kisha akanitazama mimi.

"Zima hicho kitu," akasema. "Njoo. Usiingie kwake kwanza. Njoo huku."

Akanipeleka chumba cha kazi cha kaka, kile cha uani. Mizani ndogo zilikuwa mezani, safi, zimefunikwa. Akaufunga mlango tukiwa ndani, na nyuma ya mlango kulikuwa na maandishi ya chaki. Mwandiko wa kaka, namba zilizonyooka. Tarehe, na mbele ya kila tarehe kilo. Arobaini na moja. Thelathini na nane. Thelathini na sita. Thelathini na tatu. Zilishuka hivyo hivyo hadi chini, mpaka alipolazimika kupiga magoti ili aandike, halafu zikaanza kupinda, na zikakoma.

"Hizi nini?"

"Mguu wake wa kushoto," wifi akasema. "Kila Jumapili asubuhi anakaa kwenye kile kiti, anakanyaga mizani kwa nguvu zake zote, anaandika mshale ulipofika. Hospitali walimwambia ni mishipa ya fahamu. Utaanza mguu huu, utafuata ule, halafu mikono. Halafu pumzi."

Nikatafuta tarehe ya dukani. Ishirini na saba. Kando yake, kwa herufi ndogo: *Ndogo, 22. Kubwa, haiinuki.* Chini yake ilikuwa ishirini na tano, kisha ishirini na tatu, kisha kumi na tisa. Mtu aliyejua kuhesabu, hata mtoto wa shule, angeona kwamba kwa pikipiki ile ndogo, iliyodai kilo ishirini na mbili za mguu ule, kaka alikuwa na wiki tatu za kuweza kuisimamisha. Wiki tatu zilitosha kufika na kurudi. Alikuwa amepima.

"Kwa nini hakuniambia?" nikauliza. Na nilikuwa nimekasirika, msinicheke; niliona ni yeye aliyenikosea.

Wifi alikaa kwenye kile kiti cha kupimia.

"Alikuambia," akasema. "Si alikuletea kiti? Alisema, nikimwambia kwa mdomo nitalia. Nitampelekea kiti, atakisoma mwenyewe, hatakosa. Kesho yake alirudi nacho, akasema: amekisoma, amekilinganisha, hakutaka kusema. Wifi, mume wangu anaamini kwamba ulijua. Ulipomcheka dukani alikuja hapa akaniambia, labda ananitia moyo."

Nakumbuka harufu ya chaki na mafuta ya mashine, na kwamba wifi alinishika mkono, yeye ambaye miaka kumi na tano tulikuwa tunasalimiana kwa vidole.

Nikaingia kwa kaka. Alikuwa amekaa kitandani, mto mgongoni, ameshasikia honi.

"Imekuja?" akauliza.

Nikapiga magoti pale chini. Nikamwambia, kaka, sikujua. Nilibandua kava nikaona sponji imelala upande mmoja, nikadhani nilikata kombo. Nikaona haya. Nikaficha. Wallahi sikujua, nilidhani ni kisu changu.

Alinitazama kwa muda, uso wake umetulia kabisa, kama anaposubiri mshale utulie. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, mpaka wifi akaja na maji.

"Wewe?" akasema alipopata pumzi. "Ukate kombo, wewe? Tangu lini?"

Ndivyo alivyonisamehe. Heri angenitukana.

Nikasema basi nitampakia. Kilomita zote elfu moja na mia moja nitaendesha mimi, yeye akae nyuma kama bwana. Nikarudi karakana, nikakikata upya kile kiti cha safari, hiki kilicho mezani. Sehemu ya nyuma nikaipa kuta pembeni za kumshika nyonga, nikainua upande wa kushoto kidole kimoja, nikaweka mgongo wa kuegemea. Nilikata kwa uangalifu ambao sijawahi kuutumia tena. Siku nne nilifanya kazi na sikula vizuri. Siku ya tano, saa tatu asubuhi, wifi na majirani wawili wakampandisha. Alikuwa amevaa koti la baba.

Tulifika kituo cha mafuta, kilomita tatu. Mguu wake wa kushoto haukukaa. Kila nikibadilisha gia ulianguka kutoka pa kukanyagia, ukaning'inia karibu na tairi, nami nikasimama, nikashuka, nikaurudisha kwa mikono yangu. Mara ya kwanza tulicheka. Mara ya pili nikaufunga kwa mpira wa kufungia mizigo. Mara ya tatu mpira ukamkata, na hakusema. Niliona damu kwenye soksi. Pale kituoni akanigusa bega.

"Turudi."

"Nina kamba nyingine nyumbani, laini. Kesho tukijaribu..."

"Turudi, mdogo wangu. Kiti ni kizuri. Nimekaa sawa. Turudi tu."

Mwaka uliofuata, kabla ya mvua, tukamzika. Pikipiki ilikaa karakana yangu chini ya turubai mpaka nilipochoka kuikwepa kila nikienda kuchukua gundi, nikamuuzia daktari wa meno aliyekuja kutengeneza kitu kingine kabisa. Basi la kwenda kule mtoni linaondoka kila siku. Sijawahi kukata tiketi.

Daktari alimaliza simu yake akaingia, akanikuta vilevile.

"Bado, fundi? Kuna tatizo?"

"Hakuna. Daktari, umekwenda nayo wapi mbali zaidi?"

"Aah! Wewe niulize wapi sijakwenda. Ile barabara ya milimani nimeimaliza mara mbili."

"Hadi mtoni?"

"Hadi mtoni, nikavuka."

"Kuna daraja pale."

"Lipo. Nilipita."

"Ulisimama?"

Alifikiri kidogo, mtu mwema, alitaka kunijibu vizuri. "Hapana. Pana nini? Ni daraja la kawaida tu."

Nikamwambia ndiyo, ni la kawaida. Kisha nikamweleza sponji yake ilichosema, maana siku hizi sifichi: kwamba anakaa sawasawa, kulia na kushoto, kwamba ana mgongo mzuri na miguu mizuri, na kwamba miaka yote hii amesafiri peke yake. Akacheka akasema kweli kabisa, hajapata wa kwenda naye. Nikamwomba anisubiri nje.

Nikakata. Kisu kilikuwa kikali na sponji haikubisha. Ilitoka kipande kimoja, na kuta zake, na ule upande wa kushoto ulioinuka kidole kimoja. Nikakiweka peke yake mezani. Nikakandamiza kiganja changu juu yake, kwa nguvu, nikabana hivyo mpaka mkono ukaanza kufa ganzi. Kisha nikauondoa.

Alama ya kiganja ilikuwepo, vidole vyote vitano. Ikaanza kujaa polepole, kidole gumba cha mwisho, mpaka pakawa tambarare tena. Ilikuwa sponji nzuri, bado mpya.